Sura ya Sita: Serengeti kwa Mlango wa Magharibi

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma kwa barabara kuu, akiwa na Ghuba ya Speke mkono wake wa kushoto na nyika ya Serengeti mkono wake wa kulia, hulipita lango la Ndabaka pengine pasipo kulitambua, kisha akaingia Bunda, mji uliokaa chini ya vilima vya mawe. Na Manyamanyama ni kata ya mji huo, ambayo wageni wapandao ndege kuja kutazama simba hawajapata kulisikia jina lake. Pikipiki hupakia abiria, ng'ombe hupelekwa malishoni kabla jua halijawa kali, mihogo huanikwa juu ya mawe, na maisha huendelea kama yaendeleavyo katika miji mingine ya Kanda ya Ziwa. Lakini nyuma ya vilima, kwa umbali ambao mtu mwenye afya angeweza kuutembea kwa miguu tangu alfajiri hata adhuhuri, huanza mojawapo ya nchi zenye wanyama wengi kuliko zote zilizosalia ulimwenguni, na baina ya nchi hiyo na mashamba ya watu, kwa sehemu iliyo kubwa, hapana ukuta wala uzio.

Njia ya desturi ya kwenda Serengeti ni ile ya mashariki: mgeni hushuka uwanja wa Kilimanjaro, hulala Arusha, huizunguka kreta ya Ngorongoro, akaingia hifadhini kwa lango la Naabi na kufika Seronera, penye mawe makubwa ambayo simba hupenda kuyalalia. Njia hiyo ni njema, wala sina neno la kuitia ila. Walakini humwonyesha mtu wanyama kana kwamba waliumbwa wakawekwa katika ardhi isiyo na jirani, ilhali yeye aingiaye kwa magharibi hupita kwanza nyumbani kwa jirani, akaona zizi, shamba la mtama, kisima cha pampu na mbwa alalaye mlangoni. Na akifanya saburi ya kutazama atafahamu kwamba uhai wa nyumbu na simba umefungamana na zizi lile, shamba lile na mbwa yule kuliko ulivyofungamana na hoteli zote za hema zilizo ndani. Kwa sababu hiyo nimependa kuiandika likizo ya kutazama wanyama kutokea Manyamanyama.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ina eneo la kilometa za mraba 14,763, na ukiitazama katika ramani utaona sehemu yake moja nyembamba ikinyooka kuelekea magharibi hata ikakaribia kuyagusa maji ya Ziwa Viktoria. Huo ndio Ushoroba wa Magharibi, nchi iliyo kati ya Mto Grumeti upande wa kaskazini na Mto Mbalageti upande wa kusini, yenye vilima vya chini katikati, migunga isiyohesabika, na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa masika hushika magurudumu ya gari hata dereva hodari akakubali kushindwa. Kandokando ya mito huota miti mirefu yenye kivuli, mitini na mikwaju, na juu yake hukaa mbega, kima wa manyoya meusi na meupe ambao mgeni wa Seronera hawaoni. Nyamera, mwenye mapaja ya rangi ya zambarau na miguu ya chini ya rangi ya manjano, hupenda mno uwanda huu, na aghalabu utamwona mmoja amesimama peke yake juu ya kichuguu saa nzima, akiulinda mpaka wake dhidi ya madume wenziwe. Twiga, nyati, kuro, tohe, ngiri na ndovu wamo kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba nje ya msimu wa nyumbu nchi hubaki tupu.

Msimu wa nyumbu, hata hivyo, ni jambo lisilo na mfano, nao una sababu zake ambazo ni vema mtazamaji azijue kabla hajafika. Nyumbu huzaa kusini, karibu na Ndutu, aghalabu mwezi Februari, katika majani mafupi yaotayo juu ya udongo wa majivu yaliyotupwa zamani na volkano za nyanda za Ngorongoro, udongo wenye chokaa na madini mengine ambayo mama anyonyeshaye huyahitaji. Lau maji yangedumu pale, wasingeondoka. Lakini mvua ya kusini ni chache, na ikikatika mwezi Mei mabwawa hukauka, majani hugeuka makapi, na kundi lote huondoka kuelekea magharibi na kaskazini, ambako mvua ni nyingi zaidi na mito haikauki upesi. Mwishoni mwa Mei, mwezi wote wa Juni, na pengine siku za kwanza za Julai, sehemu kubwa ya kundi hilo hupita katika Ushoroba wa Magharibi, kisha hupanda kwenda Mto Mara, na mvua za vuli zikianza huteremka tena kusini. Mvua ndiyo iwaongozayo, na mvua haiweki ahadi. Mwaka mmoja huwahi, mwaka mwingine huchelewa, na mwenye likizo fupi hana budi kuuliza habari kwa watu wa Ndabaka kabla hajafunga mizigo.

Mto Grumeti mwezi Juni si mto wenye mkondo wa ghadhabu, kama watarajiavyo watu waliouona Mto Mara katika filamu, bali ni mfululizo wa vidimbwi virefu vilivyounganishwa na mkondo mdogo wa maji ya rangi ya kahawa, chini ya kivuli cha miti. Na katika vidimbwi hivyo, pale Kirawira, wamelala mamba wenye urefu wa mita nne na zaidi, ambao katika sehemu kubwa ya mwaka hula haba mno, kwa kuwa mwili wa mamba hautumii chakula kwa pupa kama wetu. Nyumbu wa kwanza hufika ukingoni mnamo saa nne ya asubuhi, vumbi likiwatangulia, nao husimama. Wa mbele hataki kuteremka. Hunusa, hupiga kwato, hurudi nyuma hatua mbili, naye wa nyuma, aliyetembea usiku kucha na koo limemkauka, humsukuma kwa kifua. Pundamilia hupenya kati yao, wakanywa upesi na kuondoka, kwa maana hao wana hadhari kuliko wenzao. Kisha, pasipo ishara yoyote ambayo mtu wa kawaida angeitambua, nyumbu mmoja huteremka, maji yakamfika magotini, akainamisha kichwa, na nyuma yake huteremka wengine kumi, na wengine hamsini, mpaka ukingo wote unageuka migongo na pembe na mlio ule wa puani ambao hausahauliki. Maji ya kidimbwi hayaonyeshi chochote. Ukitazama kwa darubini utaona mahali pamoja ambapo povu limetengana kidogo, na nundu mbili ndogo, ambazo ni macho, zikisogea pole kuliko jani liendavyo na mkondo. Litokealo baadaye hutokea kwa muda mfupi kuliko muda wa kulieleza: kundi lote huruka nyuma kwa kishindo, vumbi hupanda, na mmoja hubaki majini ameshikwa mdomo. Mamba hawezi kutafuna. Hujizungusha mwili mzima ili ang'oe nyama, na wenziwe humjia kusaidia kushika, si kwa hisani bali kwa njaa. Baada ya nusu saa nyumbu wale wale hurejea ukingoni pale pale, kwa sababu kiu haina mahali pengine pa kwenda.

Nimewaona watu wazima wakilia mbele ya jambo hilo, na wengine wakishangilia. Mimi naona halitaki kilio wala shangwe, bali lataka mtu anyamaze na azime injini ya gari.

Wingi huo wa nyumbu, ambao leo twausema kuwa ni zaidi ya milioni moja, haukuwapo sikuzote. Mnamo miaka ya 1890 maradhi ya sotoka, yaliyoingia barani kwa upande wa pembe ya kaskazini mashariki pamoja na ng'ombe wa wageni, yaliteremka hata kusini ya Afrika, yakaua ng'ombe wa wafugaji, nyati na nyumbu kwa kiasi cha kutisha, na njaa kuu ikafuata katika nchi za wachungaji. Mlipuko ule ulipita lakini maradhi hayakuondoka. Yalibaki yakizunguka kati ya mazizi na nyika, na kila mwaka yalichinja ndama wa nyumbu kabla hawajakomaa. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa wakaonekana kuwa kama 250,000. Wakati huo ng'ombe wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi walikuwa wakichanjwa, ili kuokoa ng'ombe tu, wala hakuna aliyemdunga nyumbu hata mmoja sindano. Na ilipofika mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka miongoni mwa nyumbu wenyewe, kwa kuwa chemchemi yake katika mazizi ilikuwa imezibwa. Kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamepita 1,300,000. Midomo hiyo yote ikala majani ambayo zamani yalikuwa yakiungua kila kiangazi, moto ukakosa kuni, miche ya migunga ikapata wasaa wa kukua, na sehemu za nyika zikaanza kuwa misitu. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa duniani. Basi aonaye mto wa nyumbu ukipita Kirawira na akastaajabia adhama ya maumbile, aikumbuke na sindano iliyochoma shingo la ng'ombe wa mkulima.

Na kama ng'ombe aliokoa nyumbu, mbwa alimwua simba. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka, wakianguka na kufa, na ulipokwisha msiba huo karibu theluthi moja ya simba wote, yaani kama 1,000, walikuwa wametoweka. Wataalamu walitambua kwamba ni distempa, maradhi ya virusi ya mbwa, yaliyokuwa yameenea katika mbwa wa vijijini. Tangu hapo ikaanzishwa kazi ya kuwachanja mbwa wa vijiji vilivyo mpakani, dhidi ya maradhi hayo na dhidi ya kichaa cha mbwa, na kazi hiyo isiyo na fahari, ya mtu mwenye kasha la barafu na mtoto aliyemshika mbwa wake kwa kamba, naihesabu kuwa ni ulinzi wa simba usiopungua ule wa askari mwenye bunduki.

Habari za kuumbwa kwa hifadhi huandikwa aghalabu kwa majina ya wageni. Eneo hili lilifanywa pori la akiba mwaka 1929 na hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwaka 1959 mipaka ikabadilishwa, Ngorongoro ikatengwa iwe na utawala wake ili Wamasai wakae na mifugo yao pamoja na wanyama. Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama kutoka katika ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, na Michael akafa katika ajali ya ndege hiyo mwezi Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na Ulaya nzima ikalijua jina la Serengeti. Nawaheshimu watu hao kwa dhati. Lakini kabla yao na wakati wao walikuwapo Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Waikizu, waliowinda, waliolima na waliochoma majani kwa majira yaliyojulikana katika nchi hiyo hiyo. Na Waikoma hata leo wanayo pembe za ndovu ziitwazo Machaba, ambazo kwao ni kitu cha taadhima kisichochezewa. Mipaka ilipochorwa, na ilipochorwa tena, hasa mwaka 1994 yalipotangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, malisho na mawindo ya watu hao yaliingia upande wa pili wa mstari. Mgeni aelezwe hayo pia. Haimpunguzii raha ya safari, na akiwa mtu wa murua itamwongezea heshima kwa wenyeji wake.

Wako watalii, na wako watoto wetu wa shule, ambao huuliza kama wataona chui milia. Swali hilo si la kuchekwa, kwa maana mnyama huyo tumemzoea kwa macho: yumo katika mablanketi yauzwayo masokoni, yumo katika vitabu vya picha, na filamu za Kihindi zimemleta hata sebuleni. Chui milia hakuwahi kuishi porini katika Afrika. Maskani yake ni Asia, na nchi iliyo nao wengi kuliko nyingine zote ni Uhindi, ambako hukaa peke yake katika misitu na majani marefu, wala haishi kwa jamaa kama simba wetu. Lakini uhusiano baina ya Uhindi na nchi zetu upo. George Schaller, aliyekuja Serengeti mwaka 1966 kuwachunguza simba na akaanzisha uchunguzi ambao waliokuja baada yake wameuendeleza kwa miongo mingi, alikuwa ametoka Uhindi, katika msitu wa Kanha, alikowachunguza chui milia na paa wanaowindwa nao. Na Jim Corbett, mzaliwa wa Nainital, aliyeitwa vijijini kuwaua chui milia walao watu kisha akawa mtetezi mkubwa wa mnyama yuyo huyo, alihamia Kenya mwaka 1947, akaishi Nyeri, akafa huko mwaka 1955, na kaburi lake liko huko hata leo, mbali kabisa na hifadhi ya Uhindi iitwayo kwa jina lake. Kwa upande wao Wahindi wanao simba, wa mwisho waliosalia porini Asia nzima, katika msitu wa Gir ulioko Gujarat, nchi ambayo wazee wa wafanyabiashara wengi wa Mwanza na Musoma walitoka.

Nimeitaja Uhindi kwa sababu iko hekima ya kujifunza huko. Serikali yake ilianzisha mpango wa kuwahifadhi chui milia tarehe 1 Aprili 1973, kwa hifadhi tisa, na leo hifadhi hizo zimepita hamsini. Chui milia waliokadiriwa kuwa 1,411 mwaka 2006 walikadiriwa kuwa 3,682 mwaka 2022. Katika hifadhi hizo aghalabu idadi ya magari yaingiayo asubuhi na jioni huwekewa kiasi, kila gari hupewa njia yake, mwenyeji mwongozaji huwa ndani, na wakati wa mvua za monsuni sehemu nyingi hufungwa ili msitu upumue. Kwetu, atakayekwenda Seronera mwezi Agosti ataona duma mmoja amezungukwa na magari hata asiweze kumwona swala anayemnyemelea, na madereva wakiitana kwa redio waongeze wengine. Hilo ni jambo la aibu, nalo halitokani na ubaya wa madereva, bali latokana na mgeni aliyeambiwa kwamba safari ni orodha ya wanyama watano wa kuonwa kabla ya chakula cha mchana, naye hutoa bakshishi kwa kadiri ya orodha ilivyotimia. Upande wa magharibi bado una utulivu, na ningependa wakubwa wa hifadhi wauwekee kiasi cha magari sasa, kabla haujaharibika, kwa kuwa adabu ni rahisi kuianzisha kuliko kuirejesha.

Uhindi vilevile imekutana na taabu ambayo sisi twaijua. Ili chui milia wapate msitu mpana, vijiji vilivyo ndani vimehamishwa kwa malipo, na si kila aliyehama amepata maisha bora kuliko aliyoyaacha. Hapa Bunda, kata ya Nyatwali iliyo kati ya hifadhi na Ghuba ya Speke iliamuliwa ichukuliwe, wakazi walipwe fidia na wahame, ili wanyama wapate njia ya kufika ziwani wakati wa ukame. Haja ya mnyama ni ya kweli, maana mito ya Serengeti si ya kutegemewa kila mwaka. Haja ya mtu aliyezika wazazi wake pale, aliyevua samaki na kulima pamba pale, ni ya kweli pia, na fidia yake yapasa ipimwe kwa uzito wa haja hiyo, kwa wakati wake, pasipo kumzungusha.

Mbele kidogo ya mji, katika vijiji vinavyopakana na pori, vita ya kila mwaka ni ya ndovu. Mtama na mahindi yakikaribia kukomaa, ndovu huja usiku, watano au ishirini, wakitembea kwa unyamavu usiolingana na ukubwa wao. Na wakulima hulala madunguni, wenye tochi na madebe ya kupiga, wamezungusha kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa katika oili chafu na pilipili, au wametundika mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu humwogopa nyuki. Alfajiri moja nilisimama kando ya shamba la namna hiyo, umande ungali juu ya mabua, mzee mwenye shamba akishuka kutoka dunguni na blanketi begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamelala salama huko utokako?"

"Salama, mzee. Je, wamekuja?"

"Wamekuja, wamerudi. Tazama hapo chini."

Pale chini palikuwa na nyayo, mviringo mpana kama ungo, zenye mikunjo midogo midogo iliyochapwa katika tope kwa uwazi kabisa, na safu nne za mtama zilikuwa zimelazwa upande mmoja, masuke yamekatwa, mabua yameachwa. Nilimwuliza kama amepata kulipwa chochote na serikali. Akanieleza juu ya kifuta jasho, ambacho hutolewa kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi, ambacho hutolewa mtu anapojeruhiwa au kuuawa, na akasema kwamba karatasi huenda upesi na fedha huja polepole. Nikamwuliza kama amepata kuingia hifadhini kama mgeni, kupitia langoni, kutazama. Akatikisa kichwa. "Wao huja kwangu," akasema, "mimi kwao sijakwenda."

Maneno hayo nimeyatafakari mara nyingi. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere, iko katika mkoa huu huu, na Mwalimu ndiye aliyeliweka jina lake katika Azimio la Arusha la wanyamapori, mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, akiahidi mbele ya ulimwengu kwamba Tanganyika itawatunza wanyama hao kwa ajili ya watoto wa watoto wetu. Walakini husimuliwa kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kuitumia likizo yake kutazama mamba. Ahadi ile imetimizwa kwa sehemu kubwa, na kwa gharama kubwa. Lakini watoto wa watoto waliotajwa katika ahadi ndio hao wa Manyamanyama, Kunzugu na Nyamuswa, ambao wengi wao wanamjua ndovu kwa hasara yake tu, na wanalijua gari la utalii kwa vumbi lake tu. Mtu hawezi kukitunza kwa moyo kitu ambacho hakuna siku aliyokitazama kwa raha.

Wala haihitaji utajiri. Mwananchi wa Afrika Mashariki aonyeshaye kitambulisho hulipa kiingilio kwa shilingi, kwa kiwango kilicho cha chini mno kikilinganishwa na cha mgeni wa mbali, na mtoto hulipa pungufu zaidi. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo, kwa benki au kwa simu, kwa hiyo mtu asifike langoni na noti mfukoni akidhani zitapokewa. Gharama iliyo nzito ni gari, nayo hupungua ikigawanywa: jamaa kumi wakikodi basi dogo mjini Bunda, kila mmoja hulipa kidogo. Asiyeweza hata hivyo ana njia nyingine ambayo wenyeji wanaijua siku nyingi, nayo ni basi la Musoma na Arusha, ambalo hukata katikati ya Serengeti na Ngorongoro, na abiria wake, wenye magunia ya dagaa na watoto mapajani, hutazama twiga na simba kwa dirisha lile lile ambalo wengine huvuka bahari kulifikia.

Atakayeingia Ndabaka na aingie mapema, lango lifunguliwapo saa kumi na mbili ya asubuhi, kwa kuwa baada ya saa nne jua huwafukuza wanyama vivulini. Avae nguo za rangi ya majani makavu na aache nyumbani za buluu na nyeusi, ambazo mbung'o wa ushoroba huu huzipenda, na kuuma kwao si mchezo. Mwendo usipite kilometa 50 kwa saa, mtu asishuke garini ila mahali palipoidhinishwa, asiache takataka, asipige honi, na asimwombe dereva atoke njiani ili apate picha, maana alama ya gurudumu katika udongo mweusi hudumu miaka. Achukue maji ya kutosha, mihogo ya kuchemsha au chapati, na darubini, hata ya kuazima. Zaidi ya yote achague mahali pamoja, ukingo wa Grumeti au kivuli cha mgunga mbele ya uwanda wa nyamera, akae hapo saa mbili. Wanyama waliokimbia gari lilipofika watarudi. Mbega watashuka tawi moja moja. Na vitu ambavyo orodha haivitaji, kama vile mende aviringishaye samadi au ndege karani apigaye nyoka kwa mguu, vitaanza kuonekana.

Jioni, atokapo, alale Bunda au Manyamanyama badala ya kukimbilia Mwanza. Vyumba ni vya kawaida na safi, sato wa ziwani hupatikana, na fedha ya chumba na ya samaki hubaki mikononi mwa watu wale wale ambao usiku huo huo wengine wao watakuwa madunguni.

Neno la mwisho ni kwa walimu na kamati za wazazi. Shule hufungwa mwezi Juni, na huo ndio mwezi ambao nyumbu wako Kirawira, mwendo wa saa chache tu kutoka darasani. Michango ianze kukusanywa mwezi Januari, maombi ya punguzo la wanafunzi yapelekwe hifadhini mapema kwa barua ya shule, na basi likodiwe kabla madereva hawajachukuliwa na wageni. Na katika viti vya basi hilo vitengwe viwili au vitatu kwa ajili ya wazee wenye mashamba ya mpakani.